Kinyumenyume na Kitabu cha Mimea

Kwanza liwekwe sawa jambo moja. Marehemu hakuwa na uhusiano wowote na fundi cherehani wa nyuma ya soko. Aliingia nyumbani kwa fundi mara moja tu maishani mwake, asubuhi ya Jumamosi, jua limewaka, amevaa koti, na mke wake wa ndoa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango akimsubiri. Wanaosema alikuwa akipenya huko jioni jioni wanapiga chuku. Wanaosema yeye na fundi walikula njama wakamwondoa mume wa fundi kwa sumu ya porini, hao hata chuku hawapigi. Wanasema uongo mtupu, na baadhi yao walikula mezani kwa marehemu siku zile alipokuwa bado na meza ya kukaribishia watu.

Anayeandika haya ni mkewe. Amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu, anajua tofauti ya ushahidi na maneno ya kuokoteza, na humu atajitaja kama mkewe tu, kwa kuwa habari hii si yake. Ni ya mumewe, mkutubi wa maktaba ya mji, aliyemwaga unga wake akijua anaumwaga, akaishia kupiga chapa kadi za mialiko kwenye duka la fotokopi, kisha akafa kwa maradhi ya figo kitandani pake. Hakufa kwa kiazi. Hilo nalo limesemwa, na nalo ni uongo.

Kazini walimwita Kinyumenyume, na jina lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake kubwa haikuwa kugonga mihuri wala kunyamazisha watoto wa shule. Alikuwa mteuzi. Katika vitabu vya kitaalamu vilivyotangazwa na wachapishaji mwaka hadi mwaka, vya historia, sheria, udongo, magonjwa na nyota, yeye ndiye aliyependekeza maktaba inunue vitabu gani kwa kile kifungu chembamba cha fedha ilichopewa. Na kila kitabu cha kuangaliwa kilipomfikia mezani, alikipindua kifudifudi, akakifungua nyuma.

"Dibaji ni mtu aliyevaa suti," alikuwa akisema. "Kila mtu anapendeza kwenye dibaji. Mimi namtaka mwandishi nimkute nyumbani kwake, na fulana."

Nyumbani kwa mwandishi, kwa maoni yake, ni faharasa, ile orodha ya maneno inayokaa kurasa za mwisho. Alichagua humo neno moja la jambo analolijua vizuri, akalifuata mpaka ukurasa uliotajwa. Akikuta jambo lenyewe limeelezwa, aliitikia kwa kichwa akaendelea. Akikuta neno limepita tu kama mtu aliyekosea nyumba, aliguna. Kutoka hapo alirudi kwenye marejeo. Mwandishi aliyetaja maandishi yake mwenyewe kuliko ya wenzake alipata hukumu fupi: "Huyu anajitolea ushahidi." Baadaye ndipo alisoma sura nzima, na haikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya katikati, kwa sababu mvivu, alisema, huchoka katikati.

Alijali pia kitabu kitakaa rafuni jirani na nani. Hakupenda rafu ya watu wanaokubaliana. Ikiwa kilikuwapo kitabu kinachosema vita fulani vya zamani vilianza kwa sababu ya ushuru, alihangaika mpaka akapata kinachosema ni maji, akaviweka bega kwa bega. "Wapigane," alisema, "msomaji ashike fimbo."

Mlangoni pa maktaba alikaa mwanamke mcheshi waliyemwita Dada wa Mapokezi. Huyo alikuwa hamwachi.

"Bosi, na nyumbani unaanza kwa kunawa mikono ya baada ya kula?"

"Nyumbani nafuata ratiba ya mwenye nyumba."

"Ndiyo maana umenenepa. Ungefuata yako ungekula sahani kwanza."

Aliyekuwa hachekeki ni Mwenyekiti wa kamati ya vitabu. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mtu wa sauti kubwa, na hakuwa mjinga. Mji mzima umejengwa kwa mifuko yake. Lakini kitabu kwake kilikuwa sehemu ya jengo. Alitaka ensiklopidia yenye mgongo wa dhahabu, majuzuu mengi yanayojaza ukuta mmoja, ili mgeni akiingia aone kwamba hapa pana maktaba. Kila kikao aliitaja, na kila kikao Kinyumenyume alikuta fedha zimekwisha kabla ya kuifikia.

Siku ya kitabu cha mimea walikwaruzana waziwazi. Kilikuwa kitabu kimoja, kinene, cha bei ya kuumiza.

"Bei yote hii?" Mwenyekiti alisema. "Kina nini, kinapika?"

"Kinaeleza mimea ya porini, inayoliwa na inayoua. Majani, mizizi, maua, na picha za rangi. Mwandishi ni mtaalamu wa mimea, ametembea porini miaka mingi. Nimeipekua faharasa yake, majina ya kienyeji na ya kitaalamu yanakubaliana. Hilo ni gumu kulipata."

"Na sisi wa mjini tunakula porini? Sisi ni mbuzi?"

Wajumbe walicheka. Kinyumenyume alingoja wamalize.

"Wanaoijua mimea hiyo ni wazee, na wanakwenda nayo mmoja mmoja. Siku mtu wa mji huu atakapotaka kujua mzizi fulani unaliwa au hauliwi, atamuuliza nani? Ensiklopidia yako, Mwenyekiti, haijui hata kama tunaishi."

Hapo wajumbe walicheka upande wa pili. Kitabu kilinunuliwa. Jioni ile alirudi nyumbani amevimba kichwa kidogo, na mkewe alimwachia, kwa kuwa mtu anayechagua vitabu vya wenzake maisha yake yote hapati shangwe nyingi.

Kilikaa rafuni bila matata. Wanafunzi wachache walikiazima, daktari mmoja wa mifugo pia. Kisha ikaja bahasha kutoka kwa mchapishaji, na ndani yake kijikaratasi cha masahihisho, upana wa tiketi ya basi. Kilisema kwamba katikati ya kitabu, penye picha mbili zinazotazamana, maelezo ya chini yamebadilishana nafasi kwa makosa ya kiwanda cha uchapaji. Kiazi mwitu kinacholiwa kimeandikwa kwamba ni sumu, na chenye sumu kimeandikwa kwamba kinaliwa. Mchapishaji aliomba radhi, akaomba kijikaratasi kibandikwe kitabuni. Hakusema wapi.

Mkutubi mwingine yeyote angekibandika palepale penye picha. Huyu alikoroga gundi ya unga, akasawazisha kona kwa ukucha, akakibandika ukurasa wa mwisho kabisa, kukabiliana na faharasa. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Alifanya kwa heshima. Ukurasa wa mwisho kwake ndio uliokuwa mlango wa kitabu, na tangazo la hatari huwekwa mlangoni. Kuandika kwa penseli kando ya picha hakukumjia hata akilini. Kwake kuandika kitabuni kulikuwa sawa na kutema mate sebuleni kwa watu, na aliwahi kumfukuza mwalimu mzima maktabani kwa kosa hilo. Jioni alimsimulia mkewe akinywa chai, ameridhika: "Nimeibandika mlangoni, haiwezi kumpita mtu." Mkewe alikuwa na madaftari ya wanafunzi mapajani. Hakuuliza mlango gani.

Halafu ukaja ule mwaka wa ukame. Mvua zilikatika, unga ukapotea madukani, na uliporudi ulirudi na bei nyingine. Watu walianza kuuza vitu vya ndani. Hakuna aliyeshona nguo mpya, na fundi cherehani wa nyuma ya soko, aliyeishi kwa sare za shule na marinda ya sherehe, akawa anakaa barazani na mashine iliyofunikwa shuka. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Baiskeli nazo watu walikuwa wameziuza. Walikuwa na watoto, wakubwa wamepelekwa kwa ndugu, na aliyebaki nyumbani ni wa mwisho, msichana.

Fundi alikwenda maktaba kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya mto watu wanachimba viazi mwitu, lakini kuna vya kuliwa na vya kuua, na bibi yake aliyevijua alikuwa amekwisha kufa. Alimuuliza Dada wa Mapokezi kama kuna kitabu cha mambo hayo. Kinyumenyume alisikia akiwa mezani kwake. Aliinuka mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alikwenda rafuni, akakileta kwa mikono miwili.

"Hiki tulikinunua kwa ajili yako, mama," alimwambia.

Fundi alikuwa anajua kusoma vizuri. Ila kitabu cha picha, ukikiweka mezani ukakiachia, hufunguka chenyewe katikati, penye karatasi nene. Akaona picha mbili, akasoma chini yake: hiki kinaliwa, hiki ni sumu. Akatoa mkobani karatasi laini ya kukatia mitindo, ile ya kunakilia kola na mikono ya nguo, akaitandaza juu ya picha iliyoandikwa kinaliwa, akafuata ukingo wa jani kwa penseli. Ilikuwa marufuku kunakili hivyo. Kinyumenyume aligeuka akatazama dirishani, na hiyo ni mara ya kwanza mtu kumwona akipuuza sheria ya chumba cha kusomea. Kijikaratasi hakikumjia kichwani. Kwake jambo lile lilikuwa limekwisha siku gundi ilipokauka. Alisimama pale akitazama barabara, na Dada wa Mapokezi alisema baadaye kwamba alikuwa anatabasamu.

Fundi alichimba, akamenya, akachemsha. Sufuria ilikuwa ndogo. Aliwapakulia mumewe na mtoto, yeye akasema atakula kitakachobaki, na hakikubaki kitu. Ndiyo maana wale wawili walikufa na yeye akapona, na ndiyo maana mji ulimgeukia.

Habari ziliingia nyumbani kwa Kinyumenyume Alhamisi mchana, akiwa amerudi kula. Zililetwa na dada yake, wifi wa mkewe, ambaye hajawahi kuingia na habari akazikalia.

"Wifi, umesikia ya fundi?"

"Nimesikia wamefiwa. Nilitaka twende leo jioni."

"Wamefiwa au wamefishwa? Mwenyewe hakuonja hata kijiko. Na yule bwana alikuwa mwepesi wa kumpiga, hilo halifichiki. Mtoto alidokoa tu, maskini."

"Wifi, ulikuwepo jikoni?"

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema. Polisi wanamwita, wanamrudisha, wanamwita tena. Anawaambia mzizi aliupata kwenye kitabu, ila alipofika porini macho yakamdanganya, akachimba usio wenyewe. Fundi mzima! Mtu anayekata suti kwa kukuangalia, leo ashindwe kutambua jani?"

Kinyumenyume aliweka kijiko chini. "Kitabu gani?"

"Cha kwenu. Si unakijua? Si ndicho ulichogombania na Mwenyekiti?"

Alitoka bila kunawa. Aliporudi rangi ilikuwa imemtoka, na dada yake alikuwa bado amekaa, kwa hiyo alimwita mkewe uani.

"Polisi wana ile karatasi aliyonakili," alisema. "Nimekwenda, nimeomba niione, nikaiweka juu ya picha. Amechora sawasawa. Amechimba alichochora. Hajakosea hata kidogo."

Mkewe alimuuliza aliyekosea ni nani, na hapo uani, penye kamba ya nguo, akamwambia ule mlango alioubandika kijikaratasi ulikuwa upi.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mwenyekiti na kitabu mkobani. Ofisi ilikuwa nyuma ya ghala la saruji, na kila kitu humo kilikuwa na vumbi la kijivu, mpaka sukari. Mwenyekiti alikifungua mwanzo, akapekua mpaka katikati.

"Sioni kosa. Hapa wameandika kinaliwa, hapa sumu. Mama kachimba kisicho. Mwenyewe anasema hivyo."

"Fungua mwisho."

Mwenyekiti alisoma kijikaratasi akichezesha midomo. Alipomaliza aliinuka, akafunga mlango.

"Nani ameiona hii?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Na yule msichana wa mapokezi?"

"Hapana. Niliibandika mwenyewe."

"Kwa gundi gani?"

"Ya unga."

"Basi mvuke wa birika unaitosha." Alisema kwa utaratibu, kama anayeeleza namna ya kuchanganya zege. "Ukishaitoa, kitabu tunakiondoa rafuni, tunasema kimechakaa. Hakuna aliyekuuliza kitu, Kinyumenyume. Polisi hawajui kama kuna karatasi. Mama amekubali kosa kwa kinywa chake."

"Amekubali kosa lisilo lake."

"Sasa wewe unataka liwe la nani? La kamati? La mji? Kitabu ulikitaka wewe, kwa bei ile, na mimi ukaniita mjinga mbele za watu. Wamekufa watu wawili. Unafikiri watakuuliza habari za faharasa?" Alimrudishia kitabu. "Nenda nacho nyumbani. Jumatatu nikione kikiwa safi. Ukija nacho hivi kilivyo, usihangaike kukaa."

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu hakutikisika. Alirudi na kitabu, akakiweka juu ya meza ya jikoni, akakaa mbele yake. Mkewe alikuwa ameinjika birika la chai, na lilikuwa linaanza kuimba. Kinyumenyume alisogeza kitabu. Akakisogeza tena. Kikawa karibu na jiko.

"Watakufukuza," mkewe alisema.

"Watanifukuza."

"Na watasema umeua."

"Hilo watakuwa hawajakosea sana."

"Usiseme hivyo kwangu. Na ukiibandua?"

Kifuniko cha birika kilianza kuchezacheza.

"Nikiibandua atasema yeye ndiye aliyeua. Ataamka nalo, atalala nalo. Watoto wake wakubwa watarudi, watamwangalia jinsi dada yangu alivyokuwa anaongea jana. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mama watoto. Alikuwa anachora jani kama anachora kola. Mkono wake haukutetemeka."

Mkewe aliinuka akaliondoa birika juu ya jiko, majani ya chai hayajatiwa. Alikuwa na watoto wawili chuoni na nyumba ya kupanga, na alijua anaondoa nini.

"Kama unakwenda kumwambia, tunakwenda wote," alisema. "Mchana. Kwa mlango wa mbele. Utavaa koti. Hatuendi kunyemelea kama wezi wa kuku."

"Majirani wataona."

"Ndiyo. Waone."

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Mtaa ule una nyumba zilizobanana, mabati yanagusana, na maji machafu yanapita katikati. Nyumbani kwa fundi hapakuwa na watu. Penye msiba wa kawaida mikeka hujaa mpaka barabarani. Pale palikuwa na mkeka mmoja umekunjwa na viti vya kukodi ambavyo mwenyewe hajavifuata. Mashine ilikuwa barazani na shuka lake. Kinyumenyume alibisha hodi, akiwa amekishika kitabu mkononi waziwazi, hakukifunga kwa karatasi wala kukitia mkobani. Sauti ilimkaribisha. Mkewe alitaka kuingia naye, mumewe akamwekea mkono begani.

"Hili niachie," alimwambia. Akainamisha kichwa, akaingia, pazia likaanguka nyuma yake.

Mkewe alikaa kwenye benchi, chini ya dirisha. Ng'ambo ya mtaro mwanamke alikuwa anafua nguo zilizokwisha takata.

"Shikamoo, mwalimu. Umeletwa na nini huku kwetu?"

"Marahaba. Miguu."

Mwanamke aliinamia beseni lake. Wa nyumba ya pili alitoka na ufagio, akafagia mahali pamoja. Mtu wa baiskeli alipita, akapita tena. Hao ndio mashahidi ambao baadaye waliapa kwamba mkutubi aliingia kwa fundi peke yake. Walimwona mkewe. Mmoja alimwamkia.

Kinyumenyume alipotoka mikono ilikuwa mitupu. Mtu ambaye hakuwahi kuruhusu kitabu kivuke kizingiti cha maktaba bila muhuri, hata apewe nani, alikuwa ameacha kile ndani. Walitembea mpaka barabara kubwa.

"Nimekiacha," alisema.

"Nimeona."

Jumatatu fundi alikwenda polisi bila kuitwa, na kitabu kwapani. Alikifungua mezani kwao upande wa nyuma. Tangu siku hiyo hawakumwita tena. Siku hiyohiyo kamati ilikaa, na mkutubi akaachishwa kazi kwa kosa la kutoa mali ya maktaba bila kibali. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Zile zisizoandikwa zilipita sokoni: kwamba alikificha kijikaratasi mpaka alipobanwa, kwamba alipewa chochote na muuza vitabu, na ilipoonekana hizo hazina ladha ya kutosha, kwamba kitabu kilikuwa zawadi ya mpenzi. Kwa nini aende kwake? Kwa nini atoke bila kitabu? Mtu na mkutubi wake. Waliosema hivyo walisahau kwamba aliyetaka kuua kwa siri hapeleki ushahidi kwa mtu atakayeubeba mpaka polisi. Lakini hesabu ya namna hiyo inahitaji mtu akae chini, na masengenyo hufanywa watu wakiwa wamesimama.

Ensiklopidia ilinunuliwa. Iko nyuma ya kioo, na kioo kina kufuli. Dada wa Mapokezi aliwahi kuja nyumbani kuwaeleza, akidhani watacheka. Kinyumenyume alitabasamu kwa adabu, akamuuliza faharasa yake ikoje. Mgeni alipoondoka, Kinyumenyume hakulitaja jambo hilo tena, wala hakwenda tena maktaba, hata siku ya mvua alipopita mlangoni pake amelowa. Kwenye duka la fotokopi walimpenda kwa sababu hakukosea herufi. Kila kadi ya mwaliko aliyoipiga aliisoma mara mbili, na mwenye duka alilalamika kwamba anachelewesha wateja. Watoto walimaliza chuo kwa mshahara wa mama yao. Mmoja aliambiwa habari ya sumu na wakwe zake watarajiwa, na ndoa ile haikufungwa. Figo zilianza kabla ya hapo, lakini mkewe anakumbuka ni baada ya hapo alipoacha kuomba chumvi kwenye chakula, kuacha kulalamika, kuacha kuomba kitu chochote.

Fundi alihama, yeye na mashine yake. Mkewe hajui alikokwenda na hajatafuta.

Limebaki moja, na ndilo watu wanalolitaka kuliko yote: walisemezana nini mle ndani. Wapo wanaosema alipiga magoti. Wapo wanaosema fundi alimlaani, na figo ndizo jibu. Wapo wema wanaosema alimsamehe, kwa kuwa wanapenda kulala vizuri. Wifi aliuliza siku ya maziko ya kaka yake, kaburi halijasawazishwa. Dirisha lile halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu, na benchi liko chini yake. Mkewe alisikia kila neno, la mumewe na la fundi, tangu hodi mpaka kwaheri. Hakumwambia wifi. Hajawaambia watoto wake. Haandiki hapa, na hakuna mahali pengine atakapoandika.